Paka wangu alipimwa ana FeLV, kipimo cha pili kinasema hana. Nini kimemsaidia?

#1 Mlezi wa Zuhura
Wakuu habari za humu. Nina paka jike anaitwa Zuhura, ana kama miaka miwili hivi, nilimuokota mdogo kwahiyo umri ni wa kukisia. Wiki kumi na moja zilizopita alianza kulala tu, chakula ananusa anaondoka, fizi zikawa nyeupe kabisa. Nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo wakamtoa damu, wakaweka tone kwenye kile kipimo cha haraka, mstari ukatokea: FeLV, virusi vya lukemia ya paka. Hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, ilikuwa 14, na paka mzima anatakiwa awe 30 mpaka 45 hivi. Daktari akaniambia wazi kwamba dawa ya kuvimaliza hivi virusi haipo, tunachoweza ni kuusaidia mwili wake upambane.

Basi tukaanza. Doksisaiklini wiki nne maana walihisi pia kuna vijidudu kwenye damu. Intaferoni omega, dawa ya kusaidia kinga ipambane na virusi, sindano siku tano mfululizo, baadae zikarudiwa. Maji ya dripu chini ya ngozi siku za mwanzo, B12 mara moja kwa wiki, dawa ya kichefuchefu, na ile mirtazapini ya kupaka ndani ya sikio ili apate hamu ya kula. Chakula nampasha moto kidogo harufu ipande, nalala naye chumba kimoja, namhesabia pumzi.

Juzi tumempima tena. Hematokriti 29. Uzito umetoka kilo 2.4 umefika 3.3. Na kipimo cha FeLV, kile kile, hakuna mstari.

Nimelia pale pale mezani kwa daktari. Sasa naomba mnisaidie, nini hasa kimefanya kazi? Nataka kujua kipi niendelee nacho na kipi niache. Na je naweza kumrudisha akae na mwenzake Bundi? Bundi ni dume, kapimwa mara mbili hana, na kila usiku analia nje ya mlango anamtafuta.

#2 Kamba_Nene
Hongera sana dada, umepambana. Mimi jibu langu ni intaferoni, sizunguki. Wangu alipewa ile ile omega, alikuwa hata hanyanyui kichwa, sindano ya nne akasimama akaenda kwenye bakuli mwenyewe. Na sio mimi tu, kuna utafiti ulichapishwa 2004, paka 81 wenye FeLV, wengine pamoja na FIV (kirusi kingine kinachoshusha kinga ya paka), nusu wakapewa intaferoni nusu hawakupewa. Kufika miezi tisa waliopewa walikufa 39% na wasiopewa 59%. Hiyo sio tofauti ya kubahatisha. Endelea nayo usiache.

#3 Tabibu Msaidizi
Nafanya kazi kliniki ya wanyama, sio daktari ila hivi vipimo navishika kila siku. Naomba twende taratibu kabla ya kugawa sifa kwa dawa.

Kile kipimo cha haraka hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta protini yake inayoitwa p27 ikielea kwenye damu. Sasa paka akiingiwa na FeLV anaweza kwenda njia kadhaa. Wapo ambao kinga inakifuta mapema kabisa, hao hata hutajua kama waliwahi kukutana nacho. Wapo ambao kirusi kinaingia mpaka kwenye uboho, damu inasoma chanya, halafu baada ya wiki kadhaa kinga inakibana, p27 inapotea na kipimo kinasoma hasi, ila DNA ya kirusi inabaki imejificha ndani ya seli. Na wapo ambao kinga inashindwa, wanabaki chanya moja kwa moja, hao ndio wanaoumwa sana na wengi wao hawavuki miaka mitatu tangu wagundulike.

Zuhura anaweza kuwa wa njia ya pili. Na njia ya pili hutokea hata kwa paka ambaye hajapewa sindano hata moja. Ndio maana tunasema paka asihukumiwe kwa kipimo kimoja, unarudia baada ya mwezi au miwili. Kwahiyo mkuu Kamba_Nene sisemi umekosea, nasema hatujui bado.

#4 NyauMweusi
Mbona hamna anayesema lililo wazi? Kipimo cha kwanza kilikosea. Hivi vipimo vya haraka vinakosea jamani, damu ikiwa na shida kidogo au mtu akisoma baada ya muda kupita mstari unajitokeza wenyewe. Ulirudia kwa njia nyingine kuthibitisha? Kama hukurudia basi Zuhura hakuwahi kuwa na FeLV, alikuwa na kitu kingine na kimetibiwa. Kwisha.

#5 Mgeni01
Samahani wakuu mi mgeni kwenye haya mambo. Lukemia si ndio saratani ya damu? Sasa saratani inaambukizaje? Na mi nina mtoto mdogo na paka anamlamba mikono, hapo kuna hatari? Halafu kuna sehemu nilisoma kuwa siku hizi kuna dawa mpya, paka aliyekuwa anakufa anapona kabisa ndani ya wiki 12, mbona hajapewa hiyo?

#6 Tabibu Msaidizi
@Mgeni01 karibu. Hilo jina linachanganya wengi. FeLV ni kirusi, saratani ni moja tu ya mambo kinachoweza kuleta. Wengi wanasumbuliwa zaidi na kupungukiwa damu, kinga kushuka, fizi na mdomo kuoza, mafua yasiyoisha. Mtoto wako yuko salama, kirusi hiki hakiwashiki watu wala mbwa, ni cha jamii ya paka.

Na hiyo dawa ya wiki 12 ni ya FIP, ugonjwa mwingine kabisa unaotokana na kirusi cha korona cha paka. Majina yanafanana herufi ila usichanganye. FIP, FIV, FeLV, kila moja na kirusi chake. Dawa ya FIP haigusi FeLV.

#7 Darubini
Nimesoma yote. Niongezee kwa @Mgeni01 kwanza: kirusi hiki kilitambuliwa 1964 na William Jarrett na wenzake, chuo kikuu cha Glasgow, kwenye paka mwenye uvimbe wa limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu. Ndio maana jina lilibaki la saratani. Wakati ule ilishangaza kwamba saratani ya paka inaweza kutoka kwa paka mmoja kwenda mwingine.

Sasa kwa Zuhura. Mnazungumza FeLV tu, mmeiruka ile doksisaiklini. Kuna bakteria anaitwa Mycoplasma haemofelis, anajibandika juu ya chembe nyekundu za damu, mwili unaziona kama adui unaziharibu wenyewe. Damu inashuka vile vile, fizi zinakuwa nyeupe vile vile, paka anaacha kula vile vile. Na dawa yake ndio hiyo doksisaiklini. Kwahiyo inawezekana kabisa kilichomwangusha Zuhura ni huyu bakteria, na FeLV ilikuwepo tu pembeni, au ndiyo ilimfungulia mlango kwa kushusha kinga.

Dada, nenda kaombe karatasi ya majibu ya damu ya siku ile ya kwanza. Angalia neno retikulosaiti, hizo ni chembe nyekundu changa. Bakteria akila damu, uboho ambao ni mzima unajibu kwa kumwaga chembe changa nyingi, namba inapanda. FeLV ikikaa kwenye uboho wenyewe, kiwanda kimezimwa, chembe changa hakuna. Hiyo namba moja itatuambia mengi kuliko ubishi wote huu. Uliza pia kama waliona vijidudu kwenye kioo cha hadubini.

#8 Bibi wa Paka Sita
Mwanangu pole na hongera. Mimi sina sayansi ya hao wenzangu ila nimelea wawili wenye FeLV. Wa kwanza nilikaa naye mwaka na miezi minne. Wa pili ananiangalia sasa hivi, mwaka wa tano huu, na kila kipimo chake ni chanya. Chanya kila mara, na anaruka juu ya kabati.

Wa kwanza alipewa kila kitu. Intaferoni alipewa, zidovudini alipewa, ile ambayo ni dawa ya watu wenye VVU, na hiyo zidovudini ndiyo ilizidi kumshusha damu ikabidi isimamishwe. Aliondoka kwa uvimbe wa kifuani, maji yalijaa akawa anapumua kwa tumbo. Huyu wa pili hajawahi kupewa dawa yoyote ya virusi. Alichopata ni kufungwa kizazi, kukaa ndani, meno kung'olewa yale yote mabovu maana mdomo ulikuwa kidonda kitupu, na kupelekwa kwa daktari kila miezi sita akiwa mzima, simsubirishi mpaka aumwe.

Kwahiyo mtu akiniambia dawa fulani ndio siri nashindwa kumuitikia. Nilimpenda wa kwanza sawa na huyu na nilimhudumia kuliko huyu.

#9 Kamba_Nene
Bibi pole sana kwa huyo wa kwanza. Lakini zidovudini na intaferoni ni vitu viwili tofauti tusiviweke kapu moja. Zidovudini inajulikana kushusha damu, mwenye hematokriti ya 14 hata hapewi.

#10 Mlezi wa Zuhura
Asanteni wote, Bibi maneno yako nimeyasoma mara tatu.

@Darubini nimeenda nimechukua karatasi. Retikulosaiti siku ya kwanza zilikuwa chache, wameandika "hakuna mwitikio wa kutosha". Siku ya tisa wakapima tena zimepanda sana. Kwenye kioo wameandika waliona vitone vichache kwenye chembe nyekundu, pembeni wakaweka alama ya kuuliza. Kipimo cha DNA cha huyo bakteria hakikufanyika.

@NyauMweusi hapana, hatukuthibitisha kwa njia nyingine. Siku ile sikuwa na akili ya kuuliza, nilikuwa nawaza kama atafika asubuhi.

#11 NyauMweusi
Haya mmeona. Hakuna uthibitisho.

#12 Darubini
Na mimi karatasi imenikwamisha, nakiri. Siku ya kwanza chache maana yake inaweza kuwa FeLV imezima uboho. Ila pia damu ikishuka ghafla uboho unahitaji siku tatu mpaka tano hivi kuanza kumwaga chembe changa, kwahiyo kama walipima mapema zingeonekana chache hata kama ni bakteria. Siku ya tisa kupanda kunanivuta upande wa bakteria. Lakini kinga ikikibana kirusi uboho nao unaweza kuamka. Na vile vitone kwenye kioo vinaweza kuwa bakteria kweli au uchafu wa rangi ya kupakia, huyo jamaa mara nyingi anaonekana leo kesho haonekani hata akiwa yupo.

@NyauMweusi kipimo kukosea kunatokea zaidi ukipima paka wazima wasio na dalili. Paka anayekuja akiwa na hematokriti 14 na kipimo kikasoma chanya, uwezekano wa kuwa kweli ni mkubwa. Sijasema hakiwezi kukosea.

Swali lingine dada. Zuhura anatoka nje? Alikuwa amewahi kupotea, kuumwa na paka mwingine, chochote?

#13 Mlezi wa Zuhura
Alitoka dirishani miezi kama miwili kabla ya kuumwa. Siku nne. Alirudi ana jeraha la meno shingoni, lilikuwa limetunga usaha, akatibiwa likapona. Sikuunganisha kabisa haya mambo mawili mpaka ulivyouliza. Na viroboto alikuja navyo.

#14 Tabibu Msaidizi
Hapo sasa. FeLV inapita kwa mate, kulambana, bakuli moja, na kuumana ndio njia nzuri kwake kabisa. Kama aliambukizwa siku zile nne akiwa paka mkubwa mwenye kinga iliyokomaa, basi uwezekano wa kukibana ni mkubwa kuliko kitoto. Vitoto vidogo ndio vinazidiwa. Hii inaendana na njia ya pili niliyosema post #3.

#15 Darubini
Na jeraha la meno na viroboto ndio tunavyoshuku vinambeba huyo bakteria pia. Ushahidi ule ule unatumika pande zote mbili. Ila FeLV kuzima uboho ndani ya miezi miwili tu kwa paka mkubwa naona ni haraka mno.

#16 Mgeni01
Asanteni kwa elimu. Nimesikia pia kitunguu saumu kinapandisha kinga na kufukuza viroboto, kidogo tu unachanganya kwenye chakula. Na laisini ya unga, kile kirutubisho cha kuongezea kwenye chakula. Vipi?

#17 Tabibu Msaidizi
Kitunguu saumu HAPANA. Kitunguu cha aina yoyote kinapasua chembe nyekundu za paka, sasa mpe paka ambaye damu imeshuka uone. Panadol nayo HAPANA hata robo, inaua paka. Na dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini usimguse nazo paka. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimewapokea mezani paka wa hayo yote matatu, na waliowapa walikuwa wanawapenda.

Laisini haina sumu ila haisaidii, tafiti zilipitiwa upya 2015 kwa virusi vya mafua ya paka na waliopitia wakasema iachwe. Kwa FeLV ndio kabisa hakuna la kushika. Nyama mbichi pia muache, paka mwenye kinga ndogo hawezi salmonela.

#18 Mgeni01
Basi nimeelewa, nafuta hilo wazo. Sijampa mtu, nilisoma tu.

#19 Kijana wa Vidonge
Jamani nje ya mada kidogo ila mnanisaidia. Mnawapaje vidonge? Wangu ana mdomo wa chuma, anaficha kidonge shavuni dakika tano ananitemea mguuni.

#20 Bibi wa Paka Sita
Mfunge kwenye taulo mwanangu, kichwa tu kibaki nje, mkalie nyuma yake sio mbele, nyanyua taya la juu kwa vidole viwili, kidonge kiende nyuma ya ulimi. Halafu sugua koo. Ukimkimbiza nyumba nzima kwanza mmeshashindwa wote wawili.

#21 Darubini
Na kama ni doksisaiklini baada ya kidonge lazima maji, mililita tano sita kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu pembeni ya mdomo, au kijiko cha chakula laini. Kikikwama kwenye koo la chakula kinaunguza, kinaacha kidonda, baadae kovu linabana njia na paka hawezi kumeza tena. Wengi hawaambiwi hili.

#22 Mlezi wa Zuhura
Mimi niliambiwa na nashukuru. Nilikuwa nampa kidonge halafu mchuzi wa kopo. Mirtazapini ndio iliyonisumbua, kuipaka unavaa glavu maana inapita hata kwenye ngozi yako, na siku mbili za mwanzo alikuwa analia kwa sauti akizunguka nyumba nzima nikadhani ana maumivu. Daktari akasema ni kawaida ya hiyo dawa, akapunguza.

Ila nikisema ukweli wa moyo wangu, naona yeye kula ndio kulimuokoa. Siku ya tatu bila chakula daktari alinitisha kwamba paka asipokula siku mbili tatu ini linaanza kujaa mafuta na hilo peke yake linamuua, kirusi hata hakijafika. Siku aliyokula vijiko viwili nilijua.

#23 Kamba_Nene
Na siku hiyo ilikuwa siku ya ngapi ya intaferoni?

#24 Mlezi wa Zuhura
Ya tatu. Na siku ya pili ya mirtazapini. Na siku ya nne ya doksisaiklini.

#25 NyauMweusi
Haha Kamba_Nene hukosi mlango wa kuingilia.

#26 Kamba_Nene
Sicheki mkuu, nimeuliza kwa nia njema. Nimemzika mmoja ambaye intaferoni ilichelewa kupatikana, mara zote nitauliza.

#27 NyauMweusi
Nisamehe ndugu yangu. Sikujua.

#28 Tabibu Msaidizi
Niseme kuhusu ule utafiti wa 2004 maana umetajwa na ni wa kweli. Waliopewa waliishi zaidi, sawa. Ila hawakupima wingi wa kirusi kwenye damu, kwahiyo haijulikani kama intaferoni ilikibana FeLV yenyewe au iliwasaidia na maradhi nyemelezi yanayopanda mgongoni mwake. Mimi naamini ni hilo la pili, daktari wangu anaamini la kwanza na yeye kasoma kuliko mimi.

#29 Mwenye Swali Fupi
Vipi maji ya dripu? Wangu kila akiwekewa, hematokriti inasoma chini zaidi kesho yake. Yanamharibia damu?

#30 Darubini
Hayaharibu, yanazimua. Paka aliyekaukiwa maji namba yake inadanganya inaonekana juu, ukimrudishia maji unaona ukweli. Ila kwa mwenye damu ndogo sana daktari anakwenda taratibu na maji, na ikifika pabaya anaongezewa damu yenyewe. Hapo hakikisha wamepima kundi. Paka wana A, B na AB, na mwenye kundi B ana kinga dhidi ya A tangu utotoni, akipewa damu ya A hata mara ya kwanza anaweza kufa. Na anayetoa damu apimwe FeLV kwa DNA sio kile kipimo cha haraka tu, maana paka aliyekibana kirusi anasoma hasi huku damu yake inaweza kumwambukiza mwingine.

#31 Mlezi wa Zuhura
Hiyo ya mwisho imenishtua. Kwahiyo Zuhura hata akisoma hasi anaweza kumwambukiza Bundi?

#32 Tabibu Msaidizi
Kwa damu ndio. Kwa kulambana na bakuli, paka aliyekibana vizuri kwa kawaida hatoi kirusi kwenye mate. Shida ni kwamba kinaweza kuamka, hasa kinga ikishuka. Ndio maana steroidi kwa paka kama huyu haipewi kiholela, ipewe pale tu faida inaonekana, mfano limfoma. Fanya hivi: PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta DNA ya kirusi, kwa Zuhura, chanjo ya FeLV kwa Bundi, sindano mbili zikitofautiana wiki tatu nne. Chanjo haiharibu kipimo maana kipimo kinatafuta protini ya kirusi sio kinga, ila haimkingi kila paka kwa asilimia mia. Kirusi chenyewe nje ya mwili ni dhaifu, pakavu hakimalizi saa nyingi na sabuni ya kawaida inakimaliza, kwahiyo usihangaike kuchoma matandiko.

#33 Bibi wa Paka Sita
Mimi wangu wanaishi pamoja, wote wamechanjwa, hawapigani, na miaka mitano hakuna mwingine aliyeambukizwa. Simwambii mtu afanye hivyo. Nilipima nikaamua.

#34 NyauMweusi
Bibi na wewe usingeamua hivyo ungekuwa unaishi na mlango umefungwa miaka mitano. Hata huyo aliyefungiwa upweke unamshusha kinga. Mi ningewaruhusu.

#35 Tabibu Msaidizi
Na Bundi akiambukizwa? Tusimharakishe mwenzetu, asubiri PCR.

#36 Mlezi wa Zuhura
Nimerudi na majibu, wiki tatu zimepita samahani kwa ukimya. PCR: DNA ya FeLV ipo, kiwango kidogo. Kipimo cha haraka nacho tumekirudia, hasi tena. Ya bakteria tumepima pia kwa PCR, haipo. Hematokriti 33.

#37 Tabibu Msaidizi
Hongera! Kiwango kidogo na p27 hasi mara mbili, hiyo inafanana na njia ya pili. NyauMweusi, kipimo cha kwanza hakikukosea.

#38 NyauMweusi
Nakubali, hapo nimeshindwa na nimefurahi kwa ajili ya Zuhura. Ila bado inawezekana alikuwa na DNA hiyo tangu utotoni na mstari wa siku ile ukawa wa bahati mbaya tu.

#39 Kamba_Nene
Au intaferoni ndiyo iliyokibana. PCR haijasema nani kakibana.

#40 Darubini
Haijasema kweli. Na bakteria kutokuwepo leo, baada ya wiki nne za doksisaiklini, haituambii kama alikuwepo siku ile. Ingebidi tuwe na damu ya siku ya kwanza. Dada, hawakutunza sampuli?

#41 Mlezi wa Zuhura
Nimeuliza, haipo. Basi hatutajua.

Tulichoamua na daktari: intaferoni imesimama kwa sasa. B12 imeisha baada ya sindano ya sita. Dawa ya viroboto kila mwezi kwa wote wawili. Damu na mwili mzima kila miezi sita, uzito nampima mwenyewe kila Jumapili. Bundi kachomwa chanjo ya kwanza, ya pili wiki ijayo, halafu tutasubiri wiki kadhaa zaidi. Kwa sasa nimetoa ubao wa chini wa mlango nimeweka wavu wenye matundu madogo, wanaonana ila hawawezi kulambana. Bundi kaacha kulia. Anakuja anajilaza upande wake na Zuhura upande wake, mgongo kwa mgongo.

#42 Bibi wa Paka Sita
Pumzi bado unahesabu mwanangu?

#43 Mlezi wa Zuhura
Kila usiku Bibi, akishalala. Isizidi 30 kwa dakika, daktari alisema. Leo ni 22.